Wasichana wa Stensili, Kabiro

Kazi yangu ya kwanza katika siasa ilikuwa kupiga chapa. Nilikuwa nimemaliza kozi ya uhazili katika chuo kimoja kidogo cha mjini, cheti ninacho, kazi sina. Cheti kilikaa ndani ya Biblia ya mama katika chumba chetu cha mabati hapa Kabiro, Kawangware, na hakuna aliyekiulizia. Mwaka 1991 kijana mmoja wa ploti ya jirani, mwanafunzi aliyekuwa amefukuzwa chuo kikuu, akaniuliza kama najua kukata stensili. Nikamwambia najua. Akaniuliza kama najua kunyamaza. Nikamwambia hilo pia najua.

Kwa vijana ambao hawakuiona, stensili ilikuwa karatasi nyembamba iliyopakwa nta. Unatoa utepe wa wino kwenye mashine ya chapa ili herufi zenyewe ziichane ile nta. Kisha karatasi inafungwa kwenye pipa la mashine ya kurudufia, unazungusha mkono, na wino unapenya palipochanika. Ukiigonga herufi “o” kwa nguvu, kiduara chake cha katikati kinadondoka, na kila “o” ya tangazo lako inatoka doa jeusi. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu ya kuzibia, unaipuliza mpaka ikauke, unapiga juu yake pole pole. Na yote hayo usiku, huku redio imefunguliwa kwa sauti ili jirani asisikie mashine ikigonga. Wino ulikuwa mzito, ukiingia chini ya kucha hautoki kwa sabuni. Tuliutoa kwa mafuta ya taa na kijiti cha kiberiti. Tulionywa tangu siku ya kwanza kwamba askari kanzu wakikukamata, kitu cha kwanza kuangalia ni vidole.

Wengi tuliofanya kazi ile tulikuwa wasichana, kwa sababu waliosomeshwa uhazili walikuwa wasichana. Wazazi wa Kawangware walikuwa na mpango mmoja kwa binti aliyemaliza kidato cha nne: apige chapa, apate ofisi. Ofisi hazikuwapo. Kwa hiyo harakati za vyama vingi zilipohitaji watu wa kuandika matangazo, ziliwakuta mabinti wenye vidole vyepesi, wamekaa nyumbani, wana hasira. Sijasoma kitabu cha historia ya Kenya kinachoeleza jambo hili, nami nimesoma vingi. Vitabu vinawataja waliosimama juu ya magari wakihutubia. Karatasi walizozishika mkononi ziliandikwa na nani, na katika chumba gani, hakuna anayeuliza.

Hasira yetu ilikuwa na chanzo. Mama yangu alitoka Maragoli miaka ya 60, akauza mboga katika soko la Kawangware mpaka miguu ikavimba. Miaka ya 80 vijana wa chama tawala, KANU, walisimama pale sokoni na kwenye vituo vya matatu wakidai kadi ya chama. Asiye na kadi hauzi, hapandi gari. Mama hakuwa na ugomvi na chama chochote. Alinunua kadi yake kama alivyolipa kodi ya meza. Lakini mwaka 1988 ukaja uchaguzi wa mlolongo. Watu walipangwa nyuma ya picha za wagombea, mchana kweupe, na chifu akiwa palepale anaangalia nani kasimama wapi. Mama alisimama kwenye mstari mrefu. Jioni redio ikatangaza kuwa mwenye mstari mfupi ameshinda. Alirudi nyumbani, akavua kitambaa cha kichwa, akakaa kimya mpaka usiku. Mimi nilikuwa na miaka 17, na nadhani siasa yangu ilianza hapo, kabla sijajua kuwa ina jina.

Miaka miwili baadaye wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia walitoka hadharani kudai vyama vingi, wakaitisha mkutano katika uwanja wa Kamukunji tarehe 7 Julai 1990. Siku tatu kabla ya mkutano wakatiwa kizuizini bila kesi. Watu walikwenda hata hivyo. Na waliozuiwa kwenda walifanya Kamukunji yao mtaani. Huku kwetu Kawangware, Kangemi na Dagoretti Corner barabara zilifungwa kwa mawe na matairi yanayowaka, matatu zikipita zinapiga honi na abiria wametoa vidole viwili dirishani. Askari wa GSU walipoingia vichochoro vya Kabiro walipiga kila mlango. Tulilala sakafuni, mama, mimi na wadogo zangu, mlango umeegemezewa kitanda. Serikali ilisema watu 20 walikufa nchi nzima. Hatukuamini hesabu hiyo wakati ule na siiamini leo. Siku chache baada ya moshi kutulia, Nelson Mandela, mwenye miezi mitano tu tangu atoke jela, aliletwa Nairobi na kupokewa Kasarani kwa heshima zote, huku wenzetu waliodai uhuru wao wenyewe wakijaza rumande.

Tangazo la kwanza nililopiga kwa mikono yangu lilikuwa la kuwaita watu Kamukunji tena, tarehe 16 Novemba 1991, mkutano wa FORD, vuguvugu la kudai vyama vingi, ambao serikali ilikuwa imeupiga marufuku. Nakala zilitoka Kabiro chini ya mafungu ya sukuma wiki. Viongozi walikamatwa, umati ukatawanywa kwa gesi ya machozi. Lakini mwezi huohuo nchi wafadhili zikasimamisha misaada, na Desemba wajumbe wa KANU wakakutana Kasarani na kukubali kifungu cha 2A kiondolewe kwenye katiba. Kifungu hicho, kilichoingizwa mwaka 1982, ndicho kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria. Watu wa Kawangware waliimba mpaka alfajiri. Sisi wa stensili tulipumzika wiki mbili.

Kisha wakaja akina mama.

Tarehe 28 Februari 1992, wazee wa kike waliokuwa na watoto wao gerezani kwa makosa ya kisiasa walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu kuomba watoto hao waachiliwe. Wafungwa walikuwa 52. Akina mama wale, pamoja na Profesa Wangari Maathai, wakavuka hadi Uhuru Park, wakakaa chini kwenye kona inayotazama barabara, wakatangaza kuwa wamefunga kula na hawaondoki mpaka watoto warudi. Miongoni mwao alikuwa Monica Wangu wa Wamwere, mama yake mfungwa Koigi wa Wamwere. Kona ile ikaitwa Freedom Corner, na jina hilo lipo hadi leo.

Nilikwenda Jumapili, siku ya tatu. Sikwenda peke yangu. Mama yangu, ambaye kila wiki aliniambia, “Mwanangu, siasa ni ya wenye magari,” alivaa leso yake ya kanisani akaniambia twende wote. Hakutoa sababu. Tulipofika alipita katikati ya vijana na waandishi wa habari, akaketi kwenye nyasi kando ya kikongwe mmoja kutoka Nakuru, akamshika mkono. Mama alikuwa anajua Kikuyu cha sokoni, cha kuuzia na kubishania bei. Kwa Kikuyu hicho alimwuliza mtoto wake anaitwa nani, amefungwa lini, mara ya mwisho alimwona lini. Nilikuwa nimepiga maneno “wafungwa wa kisiasa” mara nyingi sana usiku. Pale ndipo nilipomsikia mmoja wao akitajwa kama mtoto anayependa viazi vya kuchoma.

Jambo lingine lilitokea kwenye kona ile ambalo wengi wamelisahau. Watu waliokuwa wamepita mikononi mwa polisi wa siri walianza kusimama mmoja mmoja, mbele ya umati, kueleza walichofanyiwa katika vyumba vya chini vya Nyayo House: maji yaliyojazwa seli mpaka magotini, kunyimwa chakula, kupigwa. Kabla ya hapo mambo hayo yalinong’onwa. Mtu alitoka gerezani akarudi kijijini, hakusema hata kwa mkewe. Sasa mwanaume mzima alikuwa analia mchana Uhuru Park na akina mama wanamfuta machozi. Baada ya kuyasikia hayo sikuweza tena kujiambia kuwa kazi yangu ni ya kupiga chapa tu.

Jumanne, tarehe 3 Machi, polisi walikuja na virungu na gesi. Wangari Maathai alipigwa mpaka akazimia, akapelekwa hospitali. Baadhi ya akina mama walivua nguo zao wakawakabili askari wale, wakiwauliza kama wanaweza kumpiga mama yao. Magazeti ya kigeni yaliandika habari hiyo kama kioja. Kwetu haikuwa kioja. Maragoli, Murang’a, Siaya, kokote, mama aliyekuzidi umri akikuvulia nguo kwa hasira amekulaani, na hakuna mzee wa kuiondoa laana hiyo kirahisi. Niliona askari kijana, labda rika langu, ameficha uso kwa mkono ulioshika kirungu.

Akina mama walihamia chini ya kanisa kuu la All Saints, hatua chache kutoka bustanini. Walidhani watakaa siku chache. Walikaa karibu mwaka mzima, wamelala kwenye magodoro sakafuni, na mara kadhaa polisi walilizunguka kanisa. Kundi letu, Release Political Prisoners, ambalo sote tuliliita RPP, lilikua pamoja na mgomo ule. Sisi mabinti wa Kawangware tulikuwa na zamu. Tulipanda namba 46 asubuhi, tukashuka mjini, tukabeba maji, tukafua, tukawaandikia barua wasiojua kusoma. Kuandika barua ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote. Mama mmoja aliniamuru niandike kwa mwanawe kwamba ng’ombe amezaa, mvua imechelewa, na yeye mwenyewe yuko Nairobi kwa shughuli kidogo. Hakutaka kijana ajue kuwa analala chini ya kanisa. Nikaandika hivyo hivyo.

Katika siku hizo nilikutana na jina la Bobby Sands. Padri mmoja mzee kutoka Ireland, aliyekuwa akifundisha vijana huku Magharibi mwa Nairobi, alituona tukibishana kama mgomo wa kula una maana yoyote mbele ya serikali ya Rais Moi. Akatusimulia jinsi kijana huyo wa miaka 27 alivyokufa katika gereza la Maze, Ireland ya Kaskazini, tarehe 5 Mei 1981, baada ya siku 66 bila chakula, na jinsi wenzake tisa walivyomfuata kaburini mwaka huohuo. Walidai watambuliwe kuwa wafungwa wa kisiasa. Padri hakuwa mpenzi wa bunduki za IRA, alilisema hilo wazi. Lakini nilipomwuliza kama kulikuwa na wanawake, aliniambia habari ya gereza la Armagh, ambako wanawake watatu, Mairéad Farrell mmoja wao, waliacha kula Desemba 1980 sambamba na wanaume. Mabinti walioingia harakati wakiwa na umri wa kwenda shule. Sikuwa na haja ya kukubaliana na njia zao ili nielewe ni kwa nini msichana wa miaka 19 wa mtaa wa Belfast anaingia katika siasa kabla hajaingia katika ndoa. Askari wakivunja mlango wa mama yako, hawakuulizi umri. Nilimwelewa msichana huyo vizuri kuliko nilivyowaelewa wanasiasa wengi wa Nairobi.

Nasema hivyo kwa sababu ndani ya harakati zetu wenyewe mambo hayakuwa rahisi. Tuliitana “komredi”, mwanamke na mwanaume. Lakini mkutano ukianza, komredi wa kike aliombwa achemshe chai, na komredi wa kiume akasoma ajenda ambayo komredi wa kike ndiye aliyeipiga chapa. Tulipigania jambo hilo kikao baada ya kikao. Dada mmoja wa Gatina, fundi cherehani, ndiye aliyevunja desturi: siku moja alikuja na chupa ya chai ameshaitengeneza kwake, akaiweka mezani, akasema chai hiyo hapa, sasa mimi nitasoma ripoti ya fedha. Alisoma. Tangu siku hiyo kundi letu la Kawangware lilikuwa na mweka hazina mwanamke na zamu ya chai kwa wote. Na nje ya mikutano kulikuwa na jina lililotungojea kila tulipochelewa kurudi usiku. Mvulana aliyetoka kubandika matangazo saa tano aliitwa shujaa. Binti aliyetoka kazi hiyohiyo aliitwa malaya, wakati mwingine na watu wa kanisani kwake. Wawili kati yetu waliacha kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya polisi. Siwalaumu.

Uchaguzi wa Desemba 1992 ulituvunja moyo na sitaupa ukurasa mrefu. FORD ilikuwa imeshagawanyika, Matiba huku, Jaramogi kule, Kibaki na chama chake, na Moi akapita kwa takriban asilimia 36 ya kura. Wanawake sita tu waliingia bungeni kwa kuchaguliwa. Lakini mwanzoni mwa 1993 watoto wa akina mama wale walikuwa wameachiliwa, wote isipokuwa mmoja, na akina mama wakafunga magodoro yao. Wanasiasa walishindwa, lakini wazee wa kike wakashinda. Naomba wanaofundisha historia waiseme sentensi hiyo kwa wanafunzi wao.

Miaka iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka kwa uzito zaidi. Mapigano ya kikabila yaliyoanza Meteitei, Nandi, Oktoba 1991, yalikuwa yamesambaa Molo, Trans Nzoia, Bungoma na kwingineko, na waliofukuzwa mashambani walikuwa wakishuka Kawangware kila wiki na mabunda yao. Chumba cha watu wanne kilikuwa na watu tisa. Wajomba zangu wawili walifika kwetu hivyo, na godoro moja na kuku. RPP ikaanza kuandika ushahidi: nani alichoma nyumba, walivaa nini, walikuja kwa gari gani, chifu alikuwa wapi. Sasa mashine yangu ya chapa ilikuwa na kazi nyingine. Niliketi na mwanamke kutoka Molo kwa mchana mzima, akieleza, nikipiga, na kila alipofika kwa mtoto wake wa pili alinyamaza akaomba maji. Sikumwuliza zaidi ya alichotaka kusema. Nilijifunza kungoja.

Katibu mkuu wa RPP wakati huo alikuwa Karimi Nduthu. Alikuwa amesoma Egerton, akafungwa katika kesi za kundi la siri la Mwakenya za miaka ya 80, akatoka mwaka 1992. Wengi waliotoka gerezani walitaka kupumzika, na walistahili. Yeye alirudi moja kwa moja kuwatetea waliobaki ndani, na mauaji ya mashambani aliyafuatilia kwa karibu. Aliishi Riruta, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kwetu Kabiro. Tulimwona mikutanoni na tulimwona barabarani akinunua gazeti, mtu wa kawaida wa mtaa wetu.

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 24 Machi 1996, aliuawa nyumbani kwake.

Habari ilinifikia nikiwa nasubiri maji bombani. Mtoto wa mwenye ploti alikuja mbio akasema Karimi wa RPP ameuawa. Niliacha mtungi pale pale. Watu walikuwa wamejaa njia ya Riruta, hakuna anayepiga kelele. Mashirika ya haki za binadamu yalisema waziwazi kwamba hayo ni mauaji ya kisiasa, na sisi hatukuhitaji kuambiwa. Wiki ile tulihamisha karatasi zote. Ushahidi wa Molo ulilala ndani ya gunia la maharagwe kwa mama yangu. Aliuza maharagwe ya juu tu, akaacha ya chini, na wateja wakashangaa kwa nini amekuwa mchoyo wa kipimo. Alipata hasara na hakusema kitu. Huyu ndiye mwanamke aliyeniambia siasa ni ya wenye magari.

Mwaka 1997 vuguvugu la mageuzi ya katiba lilirudi barabarani. Sheria ya mikutano tuliyoirithi kwa wakoloni bado ilitaka leseni kwa kila mkusanyiko, na leseni haikutolewa kwa watu kama sisi. Wiki chache kabla ya Saba Saba ya mwaka huo, kumbukumbu ya ile tarehe 7 Julai, nilikamatwa kwenye kituo cha matatu nikiwa na kikapu. Askari aliinua sukuma wiki, akaona karatasi, kisha akanishika mkono akageuza vidole vyangu juani. Nilikaa katika kituo kimoja cha polisi usiku mbili, katika seli ya wanawake waliokamatwa kwa chang’aa na kwa kuuza bila kibali. Wao ndio walionilinda. Mmoja, muuza chang’aa wa miaka mingi, alimwambia askari wa zamu kwamba akinigusa atapiga mayowe mpaka mke wa askari asikie nyumbani. Niliachiliwa bila mashtaka. Mama alikuwa nje ya geti na chupa ya uji.

Tarehe 7 Julai 1997 polisi waliingia mpaka ndani ya All Saints, kanisa lile lile lililowahifadhi akina mama, wakawapiga watu waliokuwa wakiomba. Mchungaji Timothy Njoya alipigwa akamwaga damu. Watu kadhaa waliuawa nchini siku hiyo. Miezi miwili baadaye vyama vilikubaliana kulegeza baadhi ya sheria, na mkutano ukawa ni wa kutoa taarifa tu badala ya kuomba leseni. Ilikuwa nusu ya tulichodai. Lakini binti wa leo anayeandika barua kwa polisi kuwaarifu kuhusu maandamano anatumia haki iliyolipiwa siku ile.

Vyumba vya chini vya Nyayo House vilifunguliwa kwa umma Februari 2003, baada ya KANU kuondoka madarakani. Nilikwenda. Vyumba ni vidogo kuliko nilivyovifikiria wakati nikivipiga chapa. Agosti 2010 tulipata katiba mpya, iliyozinduliwa Uhuru Park, na kifungu chake cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Nilikisoma kwa sauti mbele ya mama, na alikuwa ameanza kupoteza macho. Aliniambia nikisome tena.

Tarehe 25 Juni 2024 binti wa mdogo wangu, mwanafunzi wa chuo, alitoka Kawangware asubuhi kwenda kuandamana, na bendera mabegani na chupa ya maji. Jioni alirudi macho mekundu kwa gesi, viatu hana. Kesho yake rais alisema hautii saini mswada wa fedha. Vijana waliupata ushindi ule kwa maisha ya wenzao, na baadaye wengine wakaanza kunyakuliwa majumbani, jambo nililodhani tumelizika pamoja na Nyayo House. Binti huyo aliniuliza, “Shangazi, nyinyi mlipanga vipi bila simu?” Nikamweleza stensili. Nikamweleza gunia la maharagwe. Akaniuliza Karimi Nduthu ni nani. Amezaliwa na kukulia karibu na nyumba alimouawa Karimi, amesomea shule za Dagoretti, na hakuna mwalimu aliyewahi kumtajia jina hilo. Hilo ndilo lililonikalisha chini niandike.

Hadi leo hakuna mtu aliyehukumiwa kwa mauaji ya Karimi Nduthu. Serikali tano za kipindi hiki, kuanzia ya Moi mwenyewe hadi hii ya sasa ukihesabu na ile ya muungano iliyoitwa nusu mkate, zimepita bila kutuambia nani alimtuma muuaji. Faili liko mahali fulani katika jiji hili. Lifunguliwe, hata kama waliohusika wamezeeka au wamekufa, kwa sababu jamaa zake wanastahili kujua, na sisi majirani pia.

Na kwenu akina dada mliopiga chapa Kabiro, Gatina, Kangemi na Kibera: najua mko wapi, wengine tunakutana kanisani na kwenye vyama vya akiba, tunaongea habari za wajukuu. Kama bado una tangazo moja, barua moja, picha moja ya chini ya kanisa la All Saints, usimwachie panya. Ipeleke katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Moi Avenue. Andika mwaka, andika mahali, andika mashine ilikuwa nyumba gani na nani aliyekufungulia mlango usiku. Mama yangu alifariki kabla sijaandika lolote kati ya haya, na gunia lake halimo katika kitabu chochote isipokuwa hapa.